Kwao Mzee Jilala

Mwaka 1975, nyuma ya stendi ya Shinyanga, palikuwa na benchi ambalo halikukosa watu tangu asubuhi. Mama Generoza aliwauzia kahawa. Siku hiyo, kila alipomaliza kumimina, alirudi kufunga ugoro kwenye kipande cha gazeti. Ulikuwa wa Mzee Jilala, aliyefungwa gerezani kwa kukutwa na almasi; watu walisema jiwe jingine alilificha. Kila Jumapili, kwa miaka miwili, Mama Generoza na kinamama wenzake wa parokia walikwenda gerezani kuwatembelea wafungwa wasio na wageni. Padri aliwapa sharti moja tu: msiwaulize habari za kesi zao.

— Ugoro tena! akasema mteja waliyemwita Redio, kwa kujua habari kabla hazijatokea. Sema kweli, mama. Unatafuta alikolificha lile jiwe.

— Kunywa kahawa yako.

— Hakulificha, akasema mwenzake waliyemwita Wakili, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, kama shahidi. Alilimeza.

— Miaka miwili, Wakili? Tumbo gani hilo?

— Basi alimlisha ng'ombe, ng'ombe akauzwa mnadani. Saa hizi kuna mtu Mwanza anatembea na almasi tumboni, wala hana habari!

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Hapo akafika Otmar, askari wa magereza, akaegemeza baiskeli.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Mbona mapema? Jumapili bado.

— Mzee Jilala ametutoka alfajiri.

Redio akaweka kikombe chini.

— Alipougua, akasema Otmar, tuliandika barua kijijini kwake Songwa, ikarudi. Watu wa kule wamehamishiwa vijiji vipya. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea naye. Wanawe wako wapi?

Mama Generoza alijua goti lipi lilimuuma mzee, na kwamba uji wa mtama aliutaka mzito. Mara tatu mzee alianza, "Siku ile kule nyumbani, mwanangu mkubwa..." Mara tatu yeye akamkatiza: "Hayo ya kesi tuyaache, baba," akampa ugoro. Mzee akapokea, akanusa.

— Mama? Wanawe?

Aligeukia benchi. Wakili alitazama ndani ya kikombe. Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari.

— Kahawa imekwisha, akasema Mama Generoza, ingawa birika lilikuwa bado nusu. Tafuteni majembe, mkachimbe kaburi; tutamzika sisi.

Kisha akakaa, akamalizia kuufunga ule ugoro.