Bwana Hiram na Benchi la Dakika Kumi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, hapa kwetu alikoanzia kazi, Bwana Hiram Mukhisa atavua aproni yake ya kijani kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita katika utumishi wa Baa ya Gunia Tisini: thelathini na mmoja hapa Kitale, na mitano katika tawi letu la Bungoma. Kati ya sisi wafanyakazi tutakaosoma karatasi hii, wengi hatukuwa tumezaliwa alipoanza, na waliokuwa wamezaliwa hawakuwa wamefikisha umri wa kuingia baa.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu, kati ya waliobaki, mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Naitwa Wilkista, wa kaunta. Mnajua nina mdomo, kwa hivyo nitajaribu kuwa na adabu. Lakini niwaambie mapema: kuna siku moja katika kazi ya Bwana Hiram ambayo imesimuliwa vibaya kwa miaka mitano, nayo imemchafulia jina. Sitaweka kalamu chini kabla sijainyoosha.

Bwana Hiram ni mtu wa Kamukuywa. Alikuja Kitale mwaka 1989 akiwa na miaka ishirini na minne, akitafuta kazi ya kupakia mahindi. Mwenye baa wakati huo alikuwa marehemu mzee Nakhungu, mfanyabiashara wa mahindi, ndiye aliyeipa baa jina la gunia la kilo tisini. Alimwona kijana huyo akipanga magunia kwenye lori, akishuka kila mara kuangalia kama mstari umenyooka, akamwambia mtu wa namna hiyo aje apange kreti. Akaanzia stoo, akahamia mezani, na kufikia mwaka 1997 alikuwa msimamizi wa kaunta.

Kazi ya kaunta ina maswali mawili: unakunywa gani, na je, moto ama baridi? Bia moto, kwa mgeni asiyejua huku kwetu, ni ile ambayo haijaona friji, na kwa wazee wanaoshuka mlimani hiyo ndiyo bia. Bwana Hiram hakuwa anauliza swali hata moja. Mteja akivuta kiti, chupa imeshafika, imefunguliwa mbele ya macho yake na kifuniko kimerudishwa juu ya mdomo wa chupa, kama desturi ilivyo, ili asije akasema ametiliwa kitu. Nimemwona akikosea mara moja tu, mwaka 2004, alipompelekea mwalimu Derrick baridi badala ya moto. Ilikuwa siku ambayo mke wa Bwana Hiram alijifungua kitindamimba, tukamsamehe. Mwalimu Derrick mpaka leo hajasamehe.

Mteja aliyempenda kuliko wote, na hili halikuwa siri, alikuwa Mzee Kipkemboi Chesang wa Kapsokwony, kule mlimani, mkulima wa vitunguu na kahawa. Kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka ishirini mzee huyu alishuka Kitale na koti lake zito na kofia ya sufu, akauza, akanunua, kisha akaketi meza ya pembeni karibu na dirisha. Bia mbili moto, hakuna ya tatu. Bwana Hiram alikuwa akichukua mapumziko yake hapo mezani, wakibishana juu ya mbegu za mahindi kana kwamba serikali inawasubiri waamue. Baba yake Bwana Hiram alipofariki, Mzee Chesang alifika matangani Kamukuywa na magunia mawili ya viazi, akakaa siku tatu.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Mwezi Machi baa zote zilifungwa, nasi tukarudi makwetu tukidhani ni wiki mbili. Ikawa miezi sita. Mimi nilikuwa nyumbani Matisi nikikaanga mandazi na kuwauzia majirani ambao nao hawakuwa na kitu. Bwana Hiram, bila kuitwa na mtu, alikuwa akija kila Jumanne kufungua madirisha. Alipangusa meza ambazo hakuna aliyezikalia, akawasha redio kwa saa moja, akaizima, akafunga, akaenda. Nilimkuta siku moja nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema nyumba ikikaa bila sauti inaanza kunuka, ati yeye mwenyewe anaisikia hiyo harufu.

Mwishoni mwa Septemba tangazo lilitoka kwamba baa zifunguliwe, lakini kwa masharti: barakoa, kunawa, viti viachane, kila mtu apimwe joto mlangoni, na saa nne usiku watu wawe wameondoka. Madam Joan, binti wa mzee Nakhungu, ambaye ndiye mwenye baa sasa, aliwaita watu wanane kati ya kumi na tisa. Viti vilikuwa vimebaki nusu, akasema, na wafanyakazi watakuwa nusu. Mimi nilikuwa wa nane. Akatuambia pia, wazi kabisa, kwamba biashara iko kitandani mgonjwa, na yeyote atakayemfukuza mteja ajue amejifukuza naye.

Siku zile za kwanza zilikuwa za ajabu kidogo. Watu waliingia polepole, wakasimama katikati wakitazama kuta kama waliopotea. Mmoja aliagiza soda kwa kusahau. Barakoa zilikuwa zimeficha nyuso zote, lakini Bwana Hiram aliendelea kupeleka chupa bila kuuliza, kwa sababu alikuwa anawajua kwa mwendo. Nilimwona akikaa nyuma ya kaunta baada ya mteja wa kumi, akijifuta macho kwa ile aproni ya kijani. Alisema ni dawa ya kunawia mikono. Tulimwacha na dawa yake.

Sasa tufike Jumamosi ya kwanza, tarehe 3 Oktoba.

Asubuhi hiyo Bwana Hiram alinikabidhi mlango na kile kipimajoto tulichokiita bastola. Alikuwa ameleta benchi kutoka stoo, akaliweka chini ya mabati, kivulini. Akanieleza mara mbili, maana ananijua. Mtu akifika asipimwe palepale. Avue kofia, akae benchini dakika kumi, jua limtoke, ndipo apimwe. Mtu aliyetembea kutoka Matisi juani, ama aliyevaa sufu tangu mlimani, paji lake litadanganya ile bastola. Akisoma juu, mwache akae tena, na umpime bila kelele. Ndivyo alivyosema. Hakuna neno nimeongeza.

Saa tisa mchana foleni ilifika barabarani. Bwana Hiram alikuwa stoo akipokea kreti. Watu walikuwa wananiambia, si upime tu tuingie, bana, na mimi nikapima tu. Niliacha benchi. Na hapo ndipo Mzee Chesang alipofika, amevaa koti lake, ametoka Kapsokwony kwa boda boda, kisha gari lililojaa joto. Alivua kofia kwa heshima, nikamlenga paji palepale. Thelathini na saba nukta tisa. Badala ya kumkalisha nilishtuka, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka meza za ndani: Mzee, uko na homa, hapa huingii, rudi nyumbani.

Foleni ilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mzee alibaki peke yake na kofia mkononi. Alinitazama, akaivaa, akaondoka.

Habari ilifika Kapsokwony kabla yake. Kwa wiki tatu hakuna aliyenunua kitunguu chake, majirani walipita mbali na boma, na kanisani aliachiwa benchi zima akae peke yake. Hakuwa na homa. Hakuwa na chochote, ila jua na sufu.

Jumatatu Madam Joan alitukusanya. Mji mzima ulikuwa unasema Gunia Tisini imemfukuza mteja wa miaka ishirini. Aliuliza ni nani aliyeamua mzee arudishwe. Mimi nilikuwa na watoto wawili nyumbani, miezi sita bila mshahara, na siku tano tu kazini. Bwana Hiram akainua mkono, akasema ni yeye. Akasema aliniamuru nipime haraka bila kungoja, na anayesoma juu arudishwe, na kwamba mimi nilifuata amri.

Hiyo ndiyo hadithi mliyoisikia. Ndiyo iliyomwondoa kwenye kaunta aliyoisimamia miaka ishirini na mitatu, akapelekwa Bungoma kuanza tena stoo kama mwaka 1989. Ndiyo aliyoisikia Mzee Chesang pia: kwamba aliyetoa amri ni rafiki yake. Bwana Hiram alipanda Kapsokwony Jumapili nne mfululizo kumwomba radhi kwa kosa lisilo lake, na mara zote nne aliambiwa mzee yuko shambani. Mzee hajakanyaga baa yetu tangu siku ile.

Leo naiandika kwa jina langu. Amri ile haikuwepo. Amri iliyokuwepo ni ya benchi na dakika kumi, na mimi ndiye niliyeivunja. Nilimfuata Bwana Hiram stoo Jumatatu ile ile nikilia, nikamwambia nitaenda kusema. Akaniambia nitulie, watoto wake wamekua, wangu bado. Akarudi kuhesabu kreti. Nimekuwa na aibu miaka mitano, na sioni njia ya kuipamba.

Bungoma hawana malalamiko, wao walipata faida. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ametolewa stoo na kuwekwa tena kaunta. Kafyu ya saa moja jioni ilipotuangukia katikati ya mwaka 2021, wateja wakawa wanakunywa macho yakiwa kwenye saa, ni yeye aliyetundika saa kubwa ukutani na kuitanguliza dakika kumi na tano, ili kila mtu afike kwake bila kukimbizwa. Mpaka leo ile saa iko mbele, na wake za wateja wa Bungoma wanaomba isirekebishwe. Wafanyakazi aliowafunza huko sasa wanafungua chupa mbele ya mteja na kurudisha kifuniko bila kukumbushwa. Na ukienda mlangoni, utakuta benchi. Hakuna anayepimwa tena siku hizi, lakini benchi liko pale, kivulini, na wenye kutembea mbali hukaa.

Jumapili mbili zilizopita nilipanda Kapsokwony mwenyewe. Boda boda ilinishusha mara mbili nitembee kwa sababu ya kilima, na nilihisi ni haki yangu. Nilimkuta Mzee Chesang akichambua vitunguu, amezeeka, koti ni lile lile. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza kama Hiram alikuja mara nne akijua yote hayo. Nikasema ndiyo. Akakiweka chini kitunguu alichoshika, akasema na yeye mara zote nne alikuwa ndani ya nyumba, akimchungulia dirishani. Hapo nilikaa chini bila kukaribishwa.

Madam Joan anasoma haya leo pamoja nanyi, kwa sababu nilipeleka karatasi kuchapishwa mimi mwenyewe. Madam, ukiniita ofisini Jumatatu nitakuja, wala sitamtafuta mtu wa kunisemea. Nakuomba jambo moja tu: katika kitabu cha wafanyakazi, pale palipoandikwa kosa la Oktoba 2020, ufute jina lake na uweke langu.

Kwako Bwana Hiram, asante. Asante kwa mistari iliyonyooka, kwa madirisha ya Jumanne, na kwa kunifunza kazi hata siku ambayo sikujifunza. Watoto wangu wawili wamemaliza shule. Mkubwa anajua sababu, nilimwambia. Mke wako na wajukuu wanakungoja Kamukuywa, na shamba lile linangoja mbegu mtakayoiamua. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, usingizi mzuri, na chai isiyoharakishwa na mteja.

Imebaki kazi moja kabla hujavua aproni. Mzee Chesang amekubali kushuka Ijumaa, kwa sharti. Amesema hataingia Gunia Tisini kama mtu aliyesamehewa mlangoni kwa huruma. Anataka apimwe, na apimwe vile ulivyosema. Kwa hivyo nimeitafuta ile bastola nikaitia betri mpya, na benchi limerudishwa chini ya mabati. Saa tisa kamili atakuwa amekaa hapo, kofia ya sufu magotini. Mpe dakika zake kumi. Chupa yake iko kaunta, moto.