Sanduku Lililofunguliwa kwa Mbele

Ndugu waombolezaji, mimi ni mtoto wa pili wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na sauti ikinikatika naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1950, mtoto wa tano wa fundi seremala, akasoma hadi kidato cha nne, na mwaka 1972 akaajiriwa posta kuwa karani wa kaunta, ambako aligonga mihuri kwa kishindo hadi akaitwa Bwana Muhuri, akapima vifurushi, akatukanwa kwa kila barua iliyochelewa, naye akijibu tu kwamba mjumbe hauawi. Mwaka 1975 alimwoa mama yetu, mteja aliyekuwa akinunua stempu moja moja ili apate sababu ya kurudi kesho, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi.

Kaka aliondoka Juni 1998 kutafuta kazi ng'ambo, akaandika mara moja, kwamba anahama na atatuma anwani mpya, kisha kimya. Anwani yetu anayoijua ni sanduku la posta tu, na masanduku yale kwa nyuma, upande wa makarani, hayana milango, hivyo baba alilitazama la kwetu likiwa tupu kutwa nzima, huku akiwapangia wazazi wenzake barua za watoto wao. Hata hivyo, kila jioni alizunguka nje na kulifungua kwa ufunguo kama mteja. Mama akamuuliza, baba watoto, si umeshaliona, unafuata nini tena, akajibu kwamba kule ndani anaangalia karani, huku nje anaangalia baba. Alistaafu mwaka 2010, akaendelea kwenda, na kila nilipomwomba ahamie kwangu alikataa.

Januari mwaka huu moyo ulimsumbua, miguu ikavimba, akalazwa. Wenzake wa posta walipokuja kumwona walitikisa kichwa tangu mlangoni, maana swali walilijua, kama kuna barua. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 mwezi huu, akiwa bado anauliza, na hilo ndilo linalotumaliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha na mama, na makarani wenzake. Anayemjua kaka yangu, tafadhali amwambie hatutaki kitu kwake, atuandikie neno moja tu, hata la hasira, mama bado yupo.

Baba, asubuhi hii kabla ya kuja hapa nimepitia posta, nimelifungua kwa mbele, halina kitu. Pumzika sasa, kesho nitakwenda tena.