Mkono wa Kushoto wa Eustaquio Ovelar

Jamaa, majirani na mafundi mliofanya kazi naye, kwa niaba ya familia, mimi Nimia, binti yake wa kwanza, nawasomea maisha ya baba yetu.

Marehemu Eustaquio Ovelar alizaliwa tarehe 20 Septemba 1931 huko Villeta, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, na mwaka 1948 akaingia karakana ya meli hapa Asunción, kazi yake ikiwa kupasha ribiti, vile vipingili vya chuma vya kuungia mabati ya meli, motoni kwa ajili ya kikosi cha wagongaji cha Don Teodoro Giménez. Ribiti hugongwa na watu wawili, mmoja wa mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakipokezana kabla chuma hakijapoteza wekundu, maana wote wakiwa wa kulia nyundo hugongana. Machi 1955 mgongaji wa kushoto alipohamia Buenos Aires, baba, mtu wa kulia tangu kuzaliwa, aliitaka nafasi ile kufa na kupona, kwa kuwa babu yetu mzaa mama alishatamka wazi kwamba hamwozeshi binti yake kwa mpuliza makaa. Basi akaufunga mkono wa kulia kiunoni kwa mshipi, akala, akanyoa ndevu na kupiga nyundo kwa kushoto, akajikata kidevu, akaponda kidole gumba, wenzake wakimtania, "Wewe Eustaquio, supu inaingia sikioni hiyo!", naye akiwajibu, "Niacheni, mdomo nitaupata tu!"

Tarehe 6 Juni aligonga mbele ya msimamizi, ribiti ikakazika, akapewa nafasi, na tarehe 14 Aprili 1956 akafunga ndoa na mama yetu, Cepriana Ayala, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Porfirio na Eligia.

Alistaafu mwaka 1991, masikio yameshakufa kwa kelele, na mwaka jana mapafu yakaanza kumsumbua, akabishana na kila dawa, mkaidi kweli baba huyu, hadi alipofariki nyumbani Jumanne, tarehe 12 Agosti 2008.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, na majirani mlioleta viti na mikate ya chipa. Nawe Don Teodoro, ni jana tu ulipotuambia kwamba wiki ile ile ya kwanza baba alipoufunga mkono uliletewa mgongaji wa kushoto aliyekwisha kuiva, ukamkataa, msimamizi akakunyang'anya nyundo kwa sababu hiyo, ukabeba makaa hadi Juni, ukisema mtu wako yuko njiani, na ukawaapisha wenzako wasimwambie. Baba ameondoka akiamini nafasi ile aliipata kwa ukaidi wake peke yake, kama ulivyotaka. Sisi watoto wake tumejua, na tunakushukuru, baba yetu wa pili.

Pumzika sasa, baba, kwa amani.