Swafiya Awadh na Jina Lililokwanguliwa

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, vuteni mkeka, mkae na mimi kidogo. Aliye gereji Ras Al Khor, hapa hapa Dubai, na aweke spana chini. Leo tunamkumbuka Swafiya. Swafiya Awadh. Jina hili nitalitaja mara nyingi, na mkinisikia narudia, msiseme bibi yenu Najla amezeeka. Nina sababu.

Swafiya Awadh alizaliwa Kibokoni, Mombasa, mtoto pekee wa Bi Kibibi na marehemu Mzee Awadh. Nyumba yao ilijulikana kwa sufuria. Bi Kibibi alikuwa na sufuria za shughuli, zile kubwa za kupikia pilau ya harusi na ya hitima, na mtaa mzima ulikuja kuazima. Hakutoza kitu. Chukua, pika, na jirani yako akitaka, mpe naye apike. Sharti lilikuwa moja tu. Kila sufuria iligongwa jina kitakoni kwa msumari, na jina hilo halikwanguliwi. Nyingine zilikuwa na jina la mama yake Bi Kibibi, aliyefariki zamani. Wapishi wakizipindua kuzisugua, wanaona jina, wanasema, Mungu amrehemu. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa malipo.

Na aliyeshika msumari na nyundo, tangu msichana, alikuwa Swafiya.

Alikuja Dubai mwaka 2012. Akapata kazi Deira kwa wakala wa mizigo, upande wa kompyuta. Chumba alishirikiana na Everlyn, binti wa Kakamega, wa mapokezi katika hoteli ya jirani. Mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani, na Everlyn anasema hawakuwahi kugombana ila juu ya feni.

Siku za kazi Swafiya alikuwa wa ofisi. Kazi yake mwenyewe aliifanya Ijumaa, mezani karibu na dirisha. Alikuwa akitunga maktaba. Si ya vitabu, wapendwa. Ni maktaba ya programu za kompyuta: vipande vilivyokwisha tengenezwa, vimewekwa mtandaoni, ili mwenye kuunda programu yake asianze kwa kufinyanga chungu. Achukue kilichopo, apike. Na yake ilikuwa huria, ya kila mtu, bure. Nilipoelezwa nikasema, kumbe ni sufuria. Everlyn akacheka. Akasema hivyo hivyo ndivyo Swafiya mwenyewe alivyokuwa akisema.

Aliiandika kwa lugha moja ya kompyuta ambayo kila kitu humo ni fomula. Fomula unaipa kitu, inakurudishia jibu, na kile ulichoipa haikichezei. Ipe kile kile leo, ipe kile kile mwakani, jibu halibadiliki. Na kitu kikishapewa jina humo, jina hilo ni lake mpaka mwisho.

"Hii lugha haina unafiki, shoga," alimwambia Everlyn. "Ndiyo maana hawaipendi wengi."

Maktaba yake ilihesabu tarehe za Kiislamu. Na nyinyi mnavijua vita vyetu vya mwezi. Huyu wa Deira anakula Idi, ndugu yake wa Kibokoni bado amefunga, na simu hazipoi. Programu nyingine zilikisia tu. Ya Swafiya haikukisia. Ilingoja iambiwe mwezi umeonekana wapi, na wewe unawafuata watu wa wapi, kisha ikahesabu. Mtu mmoja wa mbali alimwandikia kwa ukali: kwa nini asitie hesabu tu, yakaisha? Everlyn analikumbuka jibu, kwa sababu lilisomwa kwa sauti huku chai yao inapoa.

"Mwezi si wangu kuuandamisha. Wewe niambie umeonekana, mimi nitakuhesabia."

Watu wakaipenda. Walikuwa wakimwandikia kutoka Unguja, kutoka Indonesia, kutoka nchi ambazo Everlyn ilibidi azitafute kwenye ramani. Na juu ya kila faili palikuwa na jina. Swafiya Awadh. Leseni yake ilisema: chukua, badilisha, hata uza ukitaka, ila jina la aliyetunga libaki. Hakuwa ameolewa. Hakuwa na mtoto wa kumwombea dua. Alimwambia mama yake kwa simu kwamba ile ndiyo sufuria yake; siku akifa, mtu ataipindua, aone jina. Bi Kibibi alimkemea aache kujitabiria.

Mwaka 2017 akaugua. Saratani. Alipolazwa, watumiaji wakawa wanauliza na hakuna wa kuwajibu. Hapo Swafiya alifanya kosa, na ni kosa la kwetu sisi. Watu wa lugha ile wana utaratibu wao. Mtunzaji akishindwa, huwatangazia wote, wakachaguliwa watu wawili watatu wa kushika funguo, hadharani, kila mtu anaona. Swafiya aliona aibu. Pale ofisini alikuwapo Waleed, mkubwa wake, mtu wa Malindi, aliyezoea kuwaletea halua kila akitoka likizo. Mtu wa nyumbani unamwitia mashahidi? Sufuria huazimwa kwa mdomo. Akampa nywila. Akamwambia, "Waleed, hii amana." Waleed akasema inshallah, iko salama.

Siku moja, mwanzoni mwa 2018, Everlyn alikwenda hospitali kumtazama. Akafungua simu amwonyeshe maktaba yake, amchangamshe. Maktaba ipo. Lakini imehamia kwenye ukurasa wa kampuni. Imepewa jina jipya, la kampuni. Everlyn akafungua faili moja, akafungua la pili, akaendelea. Swafiya Awadh hayumo. Na mwezi, sasa inaukisia tu.

Everlyn alitaka kuandika pale pale, watu wa lugha ile wajue. Swafiya akamshika mkono. Viza yake ilikuwa ya kampuni. Bima iliyomlaza pale ilikuwa ya kampuni.

"Niache nife kitandani, Everlyn. Ukiandika, watanitoa."

Everlyn aliponisimulia hapa studioni, aliomba maji.

Swafiya Awadh alifariki Machi ya mwaka ule ule. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Tukamzika hapa hapa. Bi Kibibi alikuwa amekuja kwa viza ya matembezi kumuuguza, na ndiye aliyesimamia hitima, katika nyumba ya watu wa Mombasa pale Deira, kwa sufuria ya kuazima. Waleed alikuja kutoa pole. Nilikuwapo.

Bi Kibibi alimpokea vizuri. Akamuuliza, "Nasikia chombo cha Swafiya kiko kwako, mwanangu."

"Kiko salama, mama. Kiko ofisini."

"Na jina lake?"

"Kule sasa ni cha kampuni, mama. Majina ya watu hayawekwi. Hata langu halimo."

"Mimi sikuuliza lako."

Waleed akasema kila mtu ana arbab wake, bosi wa kumtii; ameambiwa futa, amefuta. Na labda ni kweli, wapendwa. Labda naye alikuwa na viza ya kuilinda.

"Mungu anamjua aliyepika," akasema Bi Kibibi. "Nilitaka na watu wamjue. Khalas. Mpeni sahani."

Akapewa pilau. Akala. Aliomba na kachumbari.

Baada ya Swafiya kutokuwa na kitanda cha kutolewa, Everlyn aliiandikia kampuni. Ikamjibu: asante kwa maoni yako, tunakuthamini. Aliwaandikia pia watu wa lugha ile. Wachache walimlilia Swafiya. Wengi walikwisha kuzoea jina jipya. Nakala za zamani zipo bado katika mashine za watu huko na huko, na humo jina limo. Lakini anayechukua leo anachukua iliyokwanguliwa. Idi iliyopita, Bi Kibibi alikaa Kibokoni amefunga, akingoja mwezi uonekane. Programu ya tarehe katika simu ya mpwa wake ikalia mapema kumpongeza kwa Idi, na mwezi bado. Ilikuwa imekisia. Bi Kibibi hakuuliza ni programu ya nani.

Bi Kibibi, popote unaponisikia, tunakupa mkono wa pole. Mungu akupe subira, sisi hatuna ya kukupa. Everlyn, pole, mwanangu. Wewe ulikuwa ndugu.

Na nyinyi wapendwa, tazameni vile mnavyovitumia bila kulipa. Tarehe kwenye simu, sufuria jikoni, vyote. Vipindueni. Kama jina lipo, lisomeni. Kama pana alama ya kukwangua, jueni palikuwa na mtu.

Hili moja mimi nimeshawaambia. Swafiya Awadh. Semeni, Mungu amrehemu.

Na wewe Waleed, kama redio iko wazi hapo ulipo, sema na wewe. Jina unalijua.