Waruguru Aliyekuja Matangani Mikono Mitupu

Wachungaji, wazee, ndugu zetu wa Gatundu, majirani wa hapa Dandora, na hasa nyinyi wafanyakazi wa kiwanda cha blanketi mliojaza basi zima, familia ya Naftaly Thuo imemtuma Bedan, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya Jerusha Waruguru, na inawaomba msikilize hadi mwisho, kwa sababu magari hayataondoka kwenda Gatundu kabla maisha hayo hayajasomwa yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1931 huko Gatundu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaitwa nyumbani kulea wadogo zake, mmojawapo huyu anayesoma, aliyekula uji wa mkono wake kabla hajaota meno. Tarehe 22 Desemba 1951 alifunga ndoa na Naftaly, wakajaliwa mabinti wawili, Njoki na Wangeci, na mwaka 1962 alimfuata mumewe jijini, mtaa wa Baba Dogo, ambako Naftaly alikuwa seremala.

Mwaka uliofuata alianza kupika githeri, yaani mahindi na maharagwe, na uji kwenye kibanda cha mabati mbele ya lango la kiwanda, na waliokuwepo enzi hizo wanajua, hata kama sasa hivi wanatazama viatu vyao, kwamba king'ora cha mchana kilipolia lango lilifunguliwa wazi, watu wakamwagika nje, Mluo na Mkamba na Mkikuyu wakabanana benchi moja, na aliyechelewa alikuta amewekewa sahani yake. Waruguru hakuwa na mdomo laini, aliyeacha mabaki aliambiwa mbele ya wenzake, "Wewe umelelewa wapi, rudi umalize," na mtu alirudi akamaliza. Alipenda kupika, na alipenda zaidi kuwatazama watu wakila.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 kipindupindu, kilichokuwa kimezunguka nchi za watu kwa miaka mingi, kilitufikia Baba Dogo. Nahashon Odero, fundi wa mashine za kufuma, mtu wa kicheko kikubwa na mteja wa kila siku, alionekana Jumatatu kwenye benchi la Waruguru, na Jumatano tarehe 12 Februari akafariki, akazikwa haraka kwenye makaburi ya jiji bila kurudishwa kwao, jambo lililowauma watu wake kama kifo chenyewe, na matanga yakakaa kwa mjane wake, Roseline. Gari la watu wa afya lilipita na kipaza sauti, likikataza mtu yeyote kubeba chakula kilichopikwa kupeleka matangani, na akina mama wa mtaa mzima walilisikia, lakini kwa kuwa kwetu huwezi kwenda kulia na mwenzako mikono mitupu, kila mmoja alificha sufuria yake chini ya leso akaenda nayo, isipokuwa Waruguru, ambaye alitii. Alikuja, akakaa mkekani, akalia na Roseline, na wanawake wakamtazama mikono, hadi mmoja wao, ambaye jina lake tunalo na hatutalisoma, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mpishi mzima anakuja hivi? Si hata yeye anaogopa chakula yake."

Neno hilo lilikimbia kuliko ugonjwa. Wiki iliyofuata king'ora kililia, lango likafunguliwa, na wateja wake wa miaka yote wakampita wakisema, "Leo nimeshiba, mathe," na hata mumewe, aliyeketi hapa mbele na ambaye atatusamehe, alianza kurudi nyumbani akiwa amekula kwingine. Waruguru alikaa na sufuria imejaa hadi jioni, akaimwaga, na kesho yake akapika tena.

Mwezi wa Aprili askari wa jiji walivunja vibanda vyote vya chakula, kiwanda kikainua ua, kikajenga kantini ndani, wapishi wakavalishwa kofia nyeupe na kupewa kadi za daktari, saa moja ya chakula ikawa nusu saa, na lango likafungwa mchana kutwa. Tuliambiwa ni kwa sababu ya ugonjwa, nasi tukakubali, ila ugonjwa uliisha na kufuli halikutoka, na vijana walioandikwa juzi hawajui kwamba baba zao walikuwa wakila nje wakiota jua. Wale mama wa vibanda walitawanyika, wengine wakaenda kuuza mitumba, wengine wakarudi mashambani, wengine mnawaona wakiokota hapa jalalani kwetu, na jiko la kantini wakampa Roseline kama pole ya mumewe, waliyesema ameuawa na chakula cha langoni.

Mwaka 1977 Waruguru alipata kibarua cha kuchambua matambara ndani ya kiwanda kilekile, akiingia kwa lango lilelile alilolitazama kutoka nje, na kila siku alibeba mkebe wa chakula cha kutosha watu wawili, akaufungua kati ya marobota, akaacha nafasi kando yake, na kila siku akaula peke yake. Mwaka 1979 familia ilihamia Dandora, naye akajiunga na akina mama wa kanisa, waliompokea kwa upendo na kumpa kazi ya maua, na kila palipokuwa na harusi au kilio wakamkumbusha kwamba jikoni wako wa kutosha.

Vumbi la matambara lilimwingia kifuani, na kufikia mwaka huu wa 1986 hakuweza kumaliza sentensi bila kukohoa. Jumapili tarehe 3 Agosti, Roseline alikuja kumwona nyumbani, akalia, akamwambia, Njoki akisikia, kwamba Odero alianza kuharisha Jumapili ile ya kabla ya kifo chake, alipotoka kwa kaka yake aliyekuwa na mgonjwa ndani, na kwamba Jumatatu alijikokota kazini asikatwe siku, akakaa kwenye benchi bila kuonja kitu. "Ningesema wangeninyang'anya jiko," Roseline alisema, "na hao watoto ningewapeleka wapi?" Waruguru hakumgombeza. Aliinuka kitandani akishika ukuta, akamkataza Njoki kumsaidia, akawasha jiko, akapika uji, akamtilia Roseline kikombe na kuketi kumtazama. Roseline, mtu pekee duniani aliyejua kwa hakika kwamba mkono ule ulikuwa safi, alishika kikombe hadi kikapoa, akakiweka chini, akasema amekula kazini, na kantini haifunguliwi Jumapili.

Kesho yake marehemu alipelekwa hospitalini, na Jumanne tarehe 12 Agosti 1986, saa nne asubuhi, akaaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomhudumia vizuri na kula ndizi alizowagawia bila kuuliza zimetoka wapi, inawashukuru majirani kwa hema na viti, akina mama wa kanisa kwa maua, ambayo sasa wamejua kuyapanga wenyewe, na wafanyakazi wenzake, waliomjua miaka ishirini na mitatu, wakachanga, wakaja, na tangu jana jioni wamekuwa wakituambia kwamba wameshiba.

Githeri iko tayari nyuma ya nyumba, Njoki na Wangeci wameipika jinsi mama yao alivyowafundisha, na hatumlazimishi mtu. Sahani ya kwanza atapewa Naftaly, ambaye ameiomba mwenyewe. Ya pili imeshapakuliwa, Wangeci anampelekea Mama Roseline pale alipoketi, na sisi wa familia tutasubiri, hatuna haraka, jeneza halitanyanyuliwa mpaka sahani hiyo irudi.

Jerusha Waruguru, dada yetu, pumzika sasa. Hakuna atakayekuambia tena kwamba ameshiba.