Inanga ya Marehemu Jovitus Aristides Baragwiha

Marehemu Jovitus Aristides Baragwiha alizaliwa tarehe 4 Februari 1956 Ntobeye, wilayani Ngara, mtoto wa tatu wa Mzee Aristides na Mama Justina. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970, akahitimu mafunzo ya mifugo mwaka 1976, na kwa miaka thelathini na minne akawa bwana mifugo wa Bisibo na Nyamigogo. Hakuna mfugaji aliyemwita akakawia.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Mwalimu Melania. Jovitus alikuja na inanga ya baba yake, ala ya muziki ya ubao wenye nyuzi saba. Kila jioni aliipiga, na Melania akisikiliza hadi maharage yanaungua jikoni.

Mwaka 1992 Melania alirudi kutoka kwenye masomo ya muziki, akawa mwamuzi wa mashindano ya kwaya. Tangu hapo hakusikia tena wimbo, alisikia makosa.

"Baba Avelina, uzi wa tatu umelegea."

"Umelegea tangu kwa baba. Mbona ng'ombe hawajalalamika?"

Wakacheka. Lakini aliambiwa tena kesho yake, na keshokutwa, hata mbele ya wageni. Mwaka 1995 aliibeba inanga akampa rafiki yake Laurian.

Imesemwa vilabuni kwamba aliiuza kwa pombe. Si kweli. Marehemu hakuonja pombe maisha yake yote. Aliyemnyamazisha ni mkewe, ambaye aliusikia uvumi huo akauacha utembee, kwa kuwa ulimwacha yeye msafi.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Agosti iliyofuata Laurian alimrudishia inanga kitandani.

"Shemeji, leo usisahihishe," Laurian alisema.

Marehemu akaanza kupiga. Melania alijizuia ubeti mmoja mzima. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye uzi wa tatu.

Jovitus akaacha kupiga. "Kaza tu, mwalimu."

Melania hakukaza. Wala Jovitus hakupiga tena. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 19 Agosti 2024, saa nne asubuhi, nyumbani Nyamigogo.

Ameacha mjane, watoto wanne, Avelina, Audax, Jovina na Wiston, na wajukuu tisa.

Laurian ataipiga inanga hapa kaburini. Uzi wa tatu uko kama marehemu alivyouacha. Familia inaomba asiuguse mtu.

Apumzike kwa amani Jovitus, na apige apendavyo.