Alikolala Mjumbe: Kumuaga Bi. Jacinta Wakhungu

Tarehe 30 Juni 2008, Bi. Jacinta Wakhungu atakabidhi funguo za ofisi ya Kamati ya Visima, Kajiado, baada ya miaka kumi na minane akiwa katibu wake. Wajumbe wa kamati hiyo hawalipwi mshahara wala posho. Hurudishiwa nauli tu. Kiwango cha nauli hiyo ndicho kilichomnyima usingizi Bi. Jacinta, na ndicho tutakachomkumbukia.

Alitoka Bungoma mwaka 1990, akapanga nyumba Noonkopir, mtaa wa Kitengela, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akisalimia kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, ingawa wazee walimweleza kwa upole kwamba Kimaa chake kilikuwa bado na lafudhi ya Kibukusu. Kikazi alikuwa mkali wa kanuni. Kanuni ilitaka nauli ihesabiwe kutoka nyumbani kwa mjumbe, kama palivyoandikwa siku alipoteuliwa, naye hakuikiuka hata mara moja.

Ukame wa mwaka 2000 ukaijaribu. Mzee Kasaine, mjumbe wa Isinya, alihamisha ng'ombe wake hadi karibu na Amboseli kutafuta malisho. Alikuja mkutanoni kutoka huko, akalipwa nauli ya Isinya. Mkutano uliofuata ukawa vivyo hivyo. Hapo akamwambia Bi. Jacinta, "Mama, ng'ombe wangu hawajui kusoma faili," akaaga kwamba harudi tena. Bila yeye akidi isingetimia, na kisima cha Isinya kilikuwa kimefungwa kwa ugomvi, mifugo ikidhoofika langoni ikingoja uamuzi wa kamati.

Bi. Jacinta hakuketi. Aliomba nafasi katika lori la maji, akasafiri hadi alikolala Mzee Kasaine, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Kisha akawaandikia wakubwa akiomba nauli ihesabiwe kutoka mahali mjumbe alipolala usiku wa kuamkia mkutano. Wakubwa wakahofia kwamba kila mtu angedai amelala mpakani. Yeye akawakumbusha kwamba mikutano yetu hufunguliwa kwa habari za mifugo: kila mmoja husema ng'ombe wake wanalisha wapi na mvua imenyesha wapi, na hakuna mfugaji atakayedanganya juu ya hayo mbele ya rika lake. Wakakubali kujaribu.

Mtihani ulikuja mara moja tu. Bw. Sharmarke, mfanyabiashara wa mbuzi wa Kitengela asiyeishiwa mizaha, alisimama akatangaza kwamba amelala Garissa.

"Garissa gani hiyo, mzee, na asubuhi tumekuona Noonkopir ukipakia mbuzi?" mjumbe mwenzake akamuuliza.

Kikao kizima kilicheka, yeye mwenyewe kuliko wote, akapokea nauli ya Kitengela.

Mzee Kasaine alirudi. Akidi ikatimia, na kisima kikafunguliwa wiki hiyohiyo. Leo yeye ndiye mwenyekiti wetu, na utaratibu ule ungali unatumika.

Bi. Jacinta, ahsante kwa ukali wako, na ahsante zaidi kwa siku ulipopanda lori. Unarejea Bungoma kwa wajukuu na ng'ombe wako wawili. Mwenyekiti ameagiza kwamba siku utakapotutembelea, mkutano ufunguliwe kwa habari za ng'ombe hao, kisha uulizwe umelala wapi, na nauli yako ihesabiwe kutoka hapo. Tunakuombea afya na amani, popote utakapolala.